Kabla ya kula samaki mkubwa, uliza yeye alikula nini

Ukisikia neno zebaki, pengine akili inakimbia moja kwa moja hadi Juni 2018, ule mwaka wa sukari. Fred Matiang'i, wakati huo Waziri wa Usalama wa Ndani, alitangaza kwamba sukari ya magendo iliyonaswa ilikuwa na zebaki na shaba. Mwenzake wa Viwanda, Adan Mohamed, akasema zebaki haikuwemo. Serikali moja, mawaziri wawili, majibu mawili. Mwananchi akabaki akiangalia kikombe chake cha chai kwa jicho la shaka.

Kuna jambo ambalo kelele za mwaka ule hazikuligusa. Kwa watu wengi duniani, njia kuu ambayo zebaki ya aina hatari zaidi huingia mwilini si sukari. Ni samaki. Tena si samaki yeyote tu, bali wale wakubwa wa baharini ambao picha zao hupendeza sana mtandaoni: papa, sulisuli, jodari wa kubebwa na watu wawili.

Kabla hujafunga ukurasa huu ukilalamika kwamba hata samaki sasa wameharibiwa, tulia kidogo. Hapa hakuna anayekuambia uache samaki. Ukielewa kanuni moja tu, unaweza kula samaki mara mbili au tatu kwa wiki bila presha. Na ukishaielewa, utajua pia swali la kuwauliza wale wanaolipwa kodi yetu ili wapime chakula chetu.

MKUBWA HUMLA MDOGO, NA MADENI YAKE PIA

Zebaki ni metali. Ndiyo ile majimaji ya rangi ya fedha iliyokuwa ndani ya vipimajoto vya zamani. Volkano huitoa tangu enzi na enzi, lakini binadamu ameiongeza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba zebaki katika maji ya juu ya bahari za dunia, yaani mita 100 za kwanza, imeongezeka karibu mara tatu tangu enzi za kabla ya viwanda.

Ikishafika majini, bakteria wanaoishi mahali penye oksijeni haba huigeuza kuwa zebaki ya methili. Hapo ndipo shida inapoanza. Aina hii mwili huipokea kwa urahisi, lakini kuitoa ni kazi ya polepole.

Sasa ifuate. Vimelea vidogo vya majini, visivyoonekana kwa macho, vinainyonya kidogo sana. Dagaa anakula maelfu ya hivyo. Kibua anakula dagaa, kila siku. Jodari anakula vibua, kwa miaka. Papa anakuja kummeza jodari. Kila anayemmeza mwenzake anabeba na madeni yake, kama mtu anayenunua duka bila kuuliza mwenyewe alikuwa na mikopo mingapi ya simu. Ukifika juu ya ngazi, kiwango cha zebaki katika nyama ya samaki kinaweza kuwa zaidi ya mara milioni moja ya kile kilichomo katika maji anamoogelea.

Kwa hivyo kanuni ni hii: angalia ukubwa, angalia umri, angalia chakula chake. Samaki mdogo, anayeishi muda mfupi na kula vitu vidogo, ana zebaki kidogo. Samaki mkubwa, mwindaji, aliyeishi miaka mingi, ana nyingi. Dagaa haishi sana. Papa wa aina nyingi huishi miongo. Hata wakiogelea katika bahari moja, mbele ya nyumba moja pale Kilifi au Lamu, hawako sawa.

Na usidanganyike eti ukimkaanga sana itaisha. Zebaki ya methili hushikamana na protini, na protini ndiyo nyama yenyewe. Kuchemsha hakuitoi. Limau haliitoi. Kutoa ngozi na mafuta hakusaidii. Kukausha ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu maji yanaondoka na zebaki inabaki. Kilo moja ya papa mkavu ilikuwa kilo kadhaa za papa mbichi, hivyo kila gramu unayotia mdomoni imebeba zaidi.

HESABU YA SAHANI YAKO

Maneno matupu hayasaidii, tuweke nambari.

Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo iliweka mwaka 2003 kikomo cha mikrogramu 1.6 za zebaki ya methili kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kwa wiki. Kikomo hicho kiliwekwa kwa kumfikiria hasa mtoto aliye tumboni. Kwa mwanamke wa kilo 60, hiyo ni mikrogramu 96 kwa wiki nzima.

Sasa chukua wastani uliopimwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani katika samaki wanaouzwa nchini humo kati ya 1990 na 2012. Papa alikuwa na takriban miligramu 0.98 za zebaki kwa kila kilo ya nyama. Samaki upanga karibu 1.0. Jodari mwenye macho makubwa, ambaye mikahawa ya sushi humpenda sana, 0.69. Jodari wa mapezi ya njano 0.35. Jodari wa mkebe aina ya kawaida, ile inayoandikwa "light", 0.13. Dagaa wa jamii ya sadini 0.013, na tilapia vilevile 0.013.

Ukipiga hesabu kwa dada yetu wa kilo 60, kikomo chake cha wiki kinafikiwa na gramu 98 tu za papa. Hicho ni kipande cha ukubwa wa kiganja chako bila vidole. Kwa jodari mwenye macho makubwa, gramu 139. Kwa jodari wa mapezi ya njano, gramu 271. Kwa tuna ya kawaida ya mkebe, gramu 762. Kwa dagaa wa jamii ya sadini, kilo 7 na zaidi. Nani huyo wa kumaliza kilo saba za dagaa kwa wiki?

Umeona tofauti? Kutoka papa hadi dagaa ni mara 75. Ndiyo maana kusema "samaki ana zebaki" bila kutaja ni samaki gani ni sawa na kusema "gari ni ghali" bila kutaja kama ni Vitz au Prado.

Nambari hizi si za kukufanya ukose usingizi kwa sababu ya mlo mmoja. Kikomo kimewekewa nafasi ya usalama, na kinahesabu mazoea ya muda mrefu, si sherehe ya Jumamosi moja. Kamati hiyohiyo ilieleza baadaye kwamba watu wazima, ukiwatoa wanawake walio katika umri wa kuzaa, wanaweza kufikia karibu mara mbili ya kiasi hicho bila ubongo wao kuonyesha hatari inayojulikana. Wa kuchunga zaidi ni mjamzito, anayepanga mimba, anayenyonyesha na mtoto mdogo.

Lakini zingatia neno "anayepanga". Zebaki ya methili huchukua takriban siku 50 hadi 70 ili nusu yake itoke mwilini. Halafu siku nyingine kama hizo kwa nusu ya iliyobaki. Maana yake, mimba ikikupata leo, mtoto ataanza maisha na kile ulichokula miezi kadhaa iliyopita. Ukisubiri kliniki ya kwanza ndipo ubadilishe sahani, sehemu ya safari imeshapita. Kama una miaka 23 na mtoto bado ni ndoto ya mbali, hili linakuhusu zaidi kuliko linavyomhusu nyanya yako.

Na nyinyi watu wa gym? Mkebe wa tuna ni protini rahisi, haipikwi, unafungua unakula. Ila soma kibandiko. Kama kimeandikwa "skipjack", huyo ni jodari mdogo wa jamii ya sehewa, na zebaki yake ni ya chini. Kama kimeandikwa "albacore" au "white tuna", wastani wake ni karibu mara tatu. Mikebe miwili mitatu ya skipjack kwa wiki haina shida kubwa kwa kijana mwenye afya. Mkebe mmoja wa albacore kila siku ni habari nyingine.

KIJIJI KILICHOLIPIA SOMO HILI

Mbona dunia inaiogopa metali hii kiasi hiki? Jibu liko katika mji mdogo wa wavuvi kusini mwa Japani, unaoitwa Minamata.

Kiwanda cha kemikali cha kampuni ya Chisso kilianza kumwaga maji taka yenye zebaki katika ghuba ya mji huo mwaka 1932. Watu waliendelea kuvua na kula. Paka ndio waliotoa habari mapema: walianza kutetemeka, kurukaruka kama wanaocheza, wengine wakaanguka baharini na kufa. Kisha zamu ikawa ya watu. Vidole vikafa ganzi, macho yakaona katikati tu kama mtu anayechungulia bomba, ulimi ukawa mzito, miguu ikakataa kutii. Tarehe 1 Mei 1956, ugonjwa ule uliripotiwa rasmi.

Sehemu inayouma zaidi ni hii. Kuna akina mama walioonekana wazima, au walioumwa kidogo tu, lakini wakajifungua watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo. Zebaki ya methili huvuka kondo la nyuma kwa urahisi na kumfikia mtoto.

Mwaka 1959 daktari wa kiwanda chenyewe, Hajime Hosokawa, alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji taka ya kiwanda. Paka yule akaugua vilevile. Kampuni ilijua, ikanyamaza. Kumwaga kuliendelea hadi 1968, mwaka ambao serikali ya Japani hatimaye ilikiri kiini cha ugonjwa. Miaka 12 tangu ripoti ya kwanza. Zaidi ya watu 2,200 walitambuliwa rasmi kuwa wagonjwa, na wengine maelfu walipigania fidia kwa miongo.

Usiniambie Bahari Hindi iko hivyo. Haiko. Minamata ilikuwa ghuba moja, kiwanda kimoja, zebaki nyingi mno. Samaki wake walikuwa na viwango ambavyo huwezi kulinganisha na jodari wa Watamu. Lakini kutoka huko tulijifunza mambo mawili: kwamba sumu hii humpiga mtoto kabla ya mama, na kwamba bila mtu wa kupima na kusema wazi, wavuvi ndio watakaokuwa kipimo.

USHAHIDI KUTOKA KWA MAJIRANI ZETU

Swali lenye uzito zaidi kwetu ni hili: kiasi kidogo, cha kila wiki, kwa miaka, kinafanya nini?

Tafiti mbili kubwa zilijaribu kujibu, na majibu yake hayafanani. Ya kwanza ilifanywa katika visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Ulaya, kwa watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa 1986 na 1987. Walipofika miaka 7, waliokuwa wamepata zebaki nyingi tumboni walionyesha udhaifu katika umakini, kumbukumbu na lugha. Lakini zebaki yao ilitokana zaidi na nyama ya nyangumi, mnyama aliye juu kabisa ya ngazi.

Ya pili ilifanyika hapa kwetu, Ushelisheli, katika bahari hiihii. Akina mama kule walikula samaki karibu mara 12 kwa wiki. Zebaki katika nywele zao ilikuwa takriban mara kumi ya ile ya Wamarekani. Watoto wao, waliozaliwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, wamefuatiliwa kwa miongo. Matokeo? Hakukuonekana mfululizo wa madhara yanayoeleweka. Watafiti wanaamini kwamba virutubisho vya samaki, hasa mafuta ya omega-3 yanayojenga ubongo, vilisaidia kufidia. Na walikuwa wakila samaki wa bahari wa aina nyingi, si mmoja tu mkubwa.

Kwa hivyo ukimwona mtu TikTok akipiga kelele kwamba samaki ni sumu, mwambie kuhusu Ushelisheli. Na ukimwona mwingine akisema zebaki ni uongo wa wazungu, mwambie kuhusu Faroe. Ukweli uko katikati, na unapendelea samaki wadogo: wana omega-3 na zebaki yao ni chembe tu.

Sisi Wakenya, kwa jumla, shida yetu si kula samaki kupita kiasi. Mkenya wa kawaida hula chini ya kilo 6 kwa mwaka, ilhali wastani wa dunia ni kama kilo 20. Mtu wa Kayole anayepata samaki mara moja kwa mwezi, tena tilapia, hana sababu ya kuogopa. Lakini wastani huficha watu. Kuna familia za pwani ambazo samaki ndiye kitoweo cha kila siku, na papa mkavu wa kupikwa na nazi ni chakula cha heshima, cha bei nafuu na kisichohitaji friji. Hao ndio tunapaswa kuwafikiria tukizungumza kuhusu zebaki, kuliko mla sushi wa Westlands wa mara moja kwa mwezi.

INATOKA WAPI, NA TUNAHUSIKA VIPI

Papa hakujitengenezea zebaki. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu Gigiri, hapa Nairobi, lilikadiria kwamba mwaka 2015 shughuli za binadamu zilirusha angani takriban tani 2,220 za zebaki. Asilimia 38 ilitoka katika uchimbaji mdogo wa dhahabu. Takriban asilimia 21 ilitoka katika kuchoma makaa ya mawe.

Dhahabu unaijua. Migori, Kakamega, Lolgorian kule Narok. Mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa, zebaki hushika chembe za dhahabu, kisha donge lile huchomwa. Dhahabu hubaki, zebaki huruka kama mvuke, na wa kwanza kuuvuta ni yeye mwenyewe, mara nyingi akiwa na mtoto karibu. Utasema, mto Migori unaingia Ziwa Victoria, si Bahari Hindi. Kweli. Lakini mvuke wa zebaki hauhitaji mto. Unaweza kukaa angani kwa miezi mingi, ukasafiri kutoka bara hadi bara, kabla ya kushuka na mvua juu ya bahari yoyote. Ya Kakamega inaweza kushuka Pasifiki. Ya India, China au Afrika Kusini inaweza kushuka Lamu.

Na bei inachochea moto. Oktoba 2025 dhahabu ilipita dola 4,000 kwa aunsi kwa mara ya kwanza. Kijana asiye na kazi Ikolomani hahitaji kuhubiriwa kuhusu papa. Anahitaji njia nyingine ya kutenganisha dhahabu, ya bei anayoiweza. Njia hizo zipo, kama meza za kutikisa zinazotumia maji na uzito wa dhahabu yenyewe. Kinachokosekana ni mtaji na mafunzo.

Makaa ya mawe nayo yalibisha hodi. Mradi wa umeme wa Lamu, wa megawati 1,050, ulipingwa na wakazi hadi Jopo la Kitaifa la Mazingira likafuta leseni yake Juni 2019. Wengi tulikumbuka moshi na joto la tabianchi. Wachache tulikumbuka kwamba makaa yana zebaki, na kwamba bomba la moshi lingekuwa jirani ya wavuvi. Wale wakazi waliokataa walikuwa wanatetea sahani yako pia.

Kenya ilitia saini Mkataba wa Minamata mwezi Oktoba 2013, na mkataba ukaanza kufanya kazi duniani Agosti 2017. Unazitaka nchi zipunguze zebaki katika bidhaa, viwanda, makaa na migodi midogo. Saini ni mwanzo mzuri. Haipimi samaki.

NANI ANAPIMA SAMAKI WAKO?

Hapa ndipo pa kuuma meno. Samaki wa Kenya anayekwenda Ulaya lazima atoke katika kiwanda kilichoidhinishwa, awe na cheti cha afya, na awe chini ya mpango wa kupima sumu, zebaki ikiwemo. Sheria za Ulaya zinaweka kikomo cha miligramu 1 kwa kilo kwa papa, samaki upanga na jodari. Akipita kiasi hicho, anarudishwa au anaharibiwa.

Tulijifunza nidhamu hiyo kwa njia ngumu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya dawa za kuua wadudu. Viwanda vya Kisumu vikayumba, wavuvi wakaumia. Serikali ikakimbia: ukaguzi ukapangwa upya, maabara zikaimarishwa, soko likafunguliwa tena. Kumbe inawezekana! Mteja akiwa Mhispania, mashine inapatikana.

Sasa simama pale Marikiti, Mombasa, mbele ya rundo la papa mkavu, uulize cheti chake kiko wapi. Au nenda kwenye forodha ya Malindi asubuhi jodari wanaposhushwa. Muuzaji hana kosa. Yeye mwenyewe anakula hao hao. Lakini kwa nini mtoto wa Madrid alindwe na cheti, na mtoto wa Majengo alindwe na bahati?

Mombasa inajua bei ya kutopima. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mikindani, metali nyingine nzito, risasi, ilitoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri na kuingia katika damu ya watoto. Hakuna ofisi iliyowaamsha watu. Ni Phyllis Omido na majirani zake waliopiga kelele hadi vipimo vikafanywa. Mwaka 2020 mahakama iliagiza fidia ya Sh1.3 bilioni, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Ile haikuwa sumu ya samaki, lakini utaratibu ni uleule: kwanza watu wanaugua, halafu wanapima wenyewe, halafu serikali inashtuka.

Kwa samaki hatuhitaji kungoja hivyo. Kupima zebaki katika nyama si sayansi ya anga za juu. Sampuli chache za papa, jodari, nguru na sulisuli kutoka Vanga hadi Kiunga, kila msimu, kisha orodha moja ya wazi inayobandikwa kwenye kila forodha na kila kliniki ya wajawazito, kwa Kiswahili. Nchi nyingi zina orodha ya aina hiyo. Yetu iandaliwe na kaunti za pwani kwa ushirikiano na Wizara ya Afya na idara ya uvuvi. Hili ni swali halali kabisa la kumuuliza mbunge au mwakilishi wa wadi yako akija na mikutano yake.

WEWE SASA UFANYE NINI

Wakati orodha haijabandikwa, tumia kanuni ya ngazi.

Kula kwa raha: dagaa, omena, vibua, tafi, tilapia, kamba, na tuna ya mkebe ya skipjack. Mara mbili au tatu kwa wiki ni nzuri kwa moyo na ubongo, na kwa mjamzito ni bora kuliko kukosa samaki kabisa.

Kula kwa kiasi: jodari wa mapezi ya njano, albacore, na nguru. Yule nguru wa Atlantiki anayeitwa "king mackerel", mwenye wastani wa miligramu 0.73, ni ndugu wa huyu wetu, si yeye mwenyewe. Lakini wetu pia ni mwindaji, na anaweza kupita mita mbili. Ukichagua, chagua mdogo kuliko yule wa kujaza meza.

Waachie wengine: papa, samaki upanga, sulisuli na jodari mwenye macho makubwa, ikiwa una mimba, unaitafuta, unanyonyesha au unamlisha mtoto. Kwa wengine, iwe mara moja moja. Na ukimwacha papa, unamsaidia pia yeye, maana aina nyingi za papa wa Bahari Hindi zinaelekea kuisha.

Badilisha aina. Usishikamane na samaki mmoja mwaka mzima. Na ukiwa sokoni, uliza maswali mawili tu: huyu ni samaki gani, na mzima alikuwa na uzito gani? Muuzaji mzuri atakujibu. Asipojua, nunua dagaa.

Halafu mtumie ujumbe huu dada, binamu au rafiki anayetarajia mtoto, hasa kama yuko Lamu, Kilifi au Kwale. Si kumtisha. Mwambie tu aendelee kula samaki, ila ashuke ngazi kidogo.